Maswali ya Wasomaji: Dagaa Wenye Mchanga, Mashua Zisizoondoka na Fundi wa "Bado Vifungo Tu"

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote zinagusa namna tunavyouziana na kuhudumiana. Tumechagua nane na kuzifupisha. Majina ya waandishi, pamoja na ya maduka, ofisi na vyombo wanavyovilalamikia, tumeyaondoa, kwa kuwa safu hii si baraza la hukumu na upande wa pili haujapata nafasi ya kusema.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Mwanga. Nilikwenda Kibirizi kununua dagaa wakavu wa kumpelekea dada yangu aliyeko Dodoma, nikachukua ndoo mbili kwa mama mmoja ambaye dagaa wake walikuwa wanang'aa na hawana kasoro. Dada alipofika katikati ya mzigo alikuta vipande vipande, mchanga, na dagaa waliogeuka rangi wenye harufu. Nilirudi kwa yule mama, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Mwenzangu, si uliona mwenyewe kabla ya kulipa?" Waliokuwa jirani naye wakamuunga mkono. Je, mnunuzi akishaona na kulipa hana tena la kusema? Na nitawezaje kukagua dagaa bila kuonekana mtu wa shari?

JIBU: Mama, ulichokiona kabla ya kulipa ni dagaa wa juu tu, na hilo linabadilisha hesabu yote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayatambua mauziano ya kielelezo: muuzaji akikuonyesha sehemu ya bidhaa ili uamue kuchukua yote, mzigo wote unapaswa kufanana na kile alichokuonyesha, nawe unapaswa kupewa nafasi ya kutosha ya kulinganisha. Kwa hiyo jibu la "si uliona mwenyewe" lingekuwa na nguvu kama angekumwagia ndoo nzima mbele ya macho yako, nawe ukaridhika, ukalipa.

Hata hivyo nisingependa tumwite tapeli kabla ya kukumbuka safari ya dagaa hadi kufika kwenye ndoo yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na alfajiri hununuliwa wabichi na wanawake ambao huwaanika palepale ufukweni. Anayewaanika juu ya chanja hupata dagaa safi, kwa sababu hewa hupita juu na chini na maji hudondoka. Anayewaanika juu ya mchanga huokoa gharama ya chanja, lakini kila anapokusanya mzigo wake jioni hukusanya na mchanga. Miezi ya mvua, ambayo kwetu hushika kasi kuanzia Novemba na kuendelea hadi Aprili, jua likikosekana siku mbili mfululizo dagaa huanza kuharibika kabla hawajakauka, mafuta yao huchacha, na ile rangi ya fedha hugeuka kuwa kama ya kutu. Mwenye mzigo wa namna hiyo ameshamlipa mvuvi na ana watoto wa kusomesha. Kuwa na dagaa wabovu si dhambi, ni ajali ya kazi yake. Alipokosea ni kuwafunika kwa wazuri, badala ya kuwatenga na kuwauza kwa bei yao, ilhali wapo wanaowatafuta kwa ajili ya chakula cha kuku.

Kuhusu ukaguzi, usiombe radhi kwa kukagua. Mwambie, "Mama, naomba unimwagie kwenye turubai niwaone na wa chini, maana wanasafiri mbali." Muuzaji mwenye mzigo safi hufurahi kusikia hivyo, kwa sababu unamsaidia kuutangaza. Wakishamwagwa, chota wa katikati viganja viwili, wainue kidogo na uwaachie waanguke taratibu juu ya kitambaa cheusi au kanga yako. Mchanga utabaki ukionekana. Vunja mmoja: aliyekauka hukatika kwa mlio, ambaye bado ana maji hujikunja. Kisha nusa kiganja chako wala usiinuse ndoo, kwa sababu ufukwe wote una harufu ya dagaa na pua hudanganyika.

Mzigo ukiwa wa kusafirisha, mwombe pia akupimie kwa kilo. Ndoo hubonyezwa kitako, hujazwa bila kushindiliwa, na kila muuzaji ana yake, wakati mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekwa alama ya uhakiki. Dagaa wenye unyevu na mchanga huwa wazito, kwa hiyo kilo peke yake haikulindi; pima baada ya kukagua, si kabla. Tena chagua siku. Mbalamwezi inapowaka taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika na bei hupanda, na hapo ndipo kishawishi cha kuchanganya wa zamani na wapya huwa kikubwa. Siku za giza mzigo ni mwingi na muuzaji hana sababu ya kuhangaika. Vivyo hivyo ziwa linapofungwa kwa mapumziko ya uvuvi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, dagaa utakaowakuta sokoni ni wa akiba, na inafaa uulize walianikwa lini.

Kwa mzigo ulioharibika, rudi kwa yule mama wakati ambapo hajazungukwa na wenzake. Mbele ya watu alikuwa analinda jina lake. Peke yake huenda akakupunguzia ununuzi ujao, na nadhani ukubali.

SWALI: Duka la mtaani kwetu Gungu kila siku halina chenji. Nikidai shilingi 100 au 200 napewa pipi au kiberiti, na nikikataa naambiwa mimi ni bahili. Nifanye nini?

JIBU: Ubahili hauingii hapa. Pipi ni bidhaa, na bidhaa hununuliwa na anayeitaka. Njia rahisi ya kulipima jambo hili ni kumpelekea muuzaji pipi zake mwenyewe siku unayopungukiwa shilingi 200 ya sabuni, uone kama atazipokea. Ukitaka amani zaidi, mwambie aandike salio lako kwenye daftari lake la madeni, upande wa wale wanaomdai. Wenye maduka wengi hawapendi kuliona jina la mteja upande huo, na sarafu hupatikana ghafla.

SWALI: Nasafiri mara kwa mara kwa mashua kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Tunaambiwa safari ni saa nne asubuhi, tunaondoka saa nane, kwa sababu wanasubiri abiria na mizigo ijae. Tukiuliza, mhudumu anajibu, "Mwenye haraka angepanda ndege." Majaketi ya kuokolea yapo, lakini yamefungwa kwa kamba mbele ya mashua, chini ya magunia ya unga. Nilipoomba langu, abiria wenzangu walinicheka kuwa naogopa maji. Je, ni mimi ninayekosa uvumilivu?

JIBU: Ndugu yangu, umeweka mambo mawili katika fungu moja, nami nitayatenganisha, kwa kuwa moja linazungumzika na jingine halina mjadala.

La kuchelewa linazungumzika. Mashua inakunywa mafuta yaleyale ikiwa na abiria kumi au arobaini, na mwenye chombo akiondoka na nusu ya watu atalazimika kupandisha nauli, ambayo wewe na mimi tutaipigia kelele pia. Tatizo ni ile saa nne inayotamkwa na watu wote huku kila mmoja akijua kuwa si ya kweli. Mama mwenye mtoto mchanga analetwa ufukweni saa tatu ili akae juani saa tano nzima. Mwenye chombo angeweza kusema tangu jana yake, "Tunaondoka tukijaa, na kwa vyovyote hatupiti saa saba," kisha akaishika ahadi hiyo ya pili. Abiria angepanga chakula chake, na mwenye mzigo wa nyanya angejua aulete saa ngapi. Ipo pia sababu ya usalama katika kushika saa: anayeondoka saa nane huwashusha watu wa vijiji vya mbali gizani, tena kwa vijiji visivyo na gati, ambako abiria hushuka akiingia majini na mzigo kichwani. Na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukishika, ziwa letu si la kuchezewa.

Ile kauli ya ndege isingetamkwa kama abiria angekuwa na njia nyingine. Vijiji kadhaa vya mwambao ule, hasa vilivyo jirani na Hifadhi ya Gombe, hutegemea ziwa kwa karibu kila safari, na mtoa huduma asiye na mshindani ni mwepesi wa kusahau adabu. Kwa kauli kama hiyo sina dawa zaidi ya kumwendea mwenye chombo, ambaye mara nyingi haishi ufukweni na hajui wahudumu wake wanasema nini.

La majaketi halina mjadala. Jaketi lililofungwa chini ya gunia la unga ni sawa na ambalo halipo. Omba lako kabla mashua haijasukumwa kuingia majini, na ukinyimwa, shuka. Mwenye mamlaka juu ya usalama wa vyombo vya majini ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na malalamiko yenye jina la chombo, tarehe na saa hufanyiwa kazi kwa urahisi kuliko lawama za jumla. Wanaokucheka ni watu waliozaliwa ufukweni na wanaojua kuogelea. Lakini mashua ikipinduka mbali na nchi kavu, kuogelea kwao hakutawafikisha.

SWALI: Nina miaka 71, mkazi wa Ujiji. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia karatasi yangu. Kijana aliyekuwa kaunta hakuniamkia, hakuinua uso kutoka kwenye simu, akanionyesha benchi kwa kidole. Baada ya saa mbili akaniambia, "Mzee, mtandao unasumbua, njoo kesho." Nilikwenda kesho yake, nikaambiwa vilevile. Vijana wetu wamepatwa na nini?

SWALI: Ninafanya kazi kaunta katika ofisi inayopokea watu wengi hapa mjini. Nina miaka 24. Kutwa nzima naitwa "we mtoto" na "we binti." Wazee wengine wakifika wanapita moja kwa moja mbele ya foleni. Nikiwahudumia, waliopanga mstari wananitukana. Nikiwaomba wasubiri, naambiwa sikufundwa kwetu. Mtandao ukikatika lawama zote ni zangu. Naomba mtuandikie na sisi.

JIBU: Barua hizi mbili ziliwekwa pamoja kwa makusudi, ingawa hazikutoka katika ofisi moja.

Shikamoo, mzee wangu. Kwa mila zetu mdogo ndiye anayeanza, na kijana aliyekutazama bila kukuamkia alikosa, awe na kazi nyingi kiasi gani. Lakini naomba uniruhusu niseme kwamba katika yote uliyotendewa, hilo ndilo dogo. Ofisi inaweza kukuamkia kwa magoti na bado ikakurudisha nyumbani mara tatu. Kubwa ni "njoo kesho" isiyo na saa, isiyo na jina la mtu wa kumwona na isiyo na namba ya simu, ambayo imekugharimu nauli na saa zako. Taasisi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na nyingi hubandika nakala yake ukutani, mara nyingi nyuma ya mlango ambako hausomeki mlango ukiwa wazi. Humo huandikwa huduma fulani inachukua muda gani. Utakaporudi, omba kuuona, kisha uliza swali moja: "Kwa huduma yangu hii, mkataba unasema siku ngapi?" Ukijibiwa kwamba mtandao unasumbua, omba namba ya simu ili upige kabla ya kutoka Ujiji. Wakikataa hata hilo, omba kumwona mkuu wa ofisi. Kwa umri wako hutazuiwa mlangoni, na hapo mvi zitakusaidia kweli.

Sasa nije kwako, binti yetu, na neno hilo nalitumia kwa heshima. Nimesoma barua nyingi zinazolaumu vijana kwa kutoamkia, na chache mno zinazolaumu watu wazima kwa namna wanavyowasemesha wafanyakazi wa kike wenye umri mdogo, ingawa maudhi ya pili ni makubwa na hutokea mara nyingi zaidi. Mtu anayemwita karani wa kiume "bosi" na mwenzake wa kike "we mtoto," katika kaunta hiyohiyo na siku hiyohiyo, anajua vizuri anachofanya. Mjibu kwa utulivu, "Karibu, baba, nikusaidie nini?" na uendelee na kazi. Akitukana, una haki ya kumwita msimamizi wako aje amhudumie yeye.

Kuhusu foleni, usiache kila mzee aliamue suala hilo kwa miguu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na katika vituo vya afya watu wamekwisha kuzoea wazee kupewa nafasi ya kwanza. Fanyeni hivyohivyo, lakini litangazwe asubuhi kwa sauti kabla ya mtu wa kwanza kuhudumiwa: wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga benchi hili, wengine mstari ule, na tutachukua mmoja huku na wawili kule. Watu wa Kigoma hawana shida ya kumpisha mzee. Wanachokikataa ni kupitwa bila kuambiwa, tena na mtu ambaye pengine ana miaka 50 na amepaka kichwa chokaa. Na mtandao ukikatika, simama uwaambie wote kwa pamoja. Ukimnong'oneza aliye mbele, wa nyuma wataamini kuwa mmepatana jambo.

SWALI: Nilimpa fundi cherehani kitenge cha kushona kwa ajili ya Idi, nikamlipa fedha zote. Aliniahidi siku tatu kabla. Siku hiyo nikaambiwa, "Bado vifungo tu." Usiku wa kuamkia Idi kitenge changu kilikuwa hakijakatwa hata mkasi. Naweza kudai fidia?

JIBU: Unaweza kudai fedha zako zote na kitenge chako, na katika hilo fundi hana la kujitetea: alilipwa kwa ajili ya siku, na siku imepita. Kudai zaidi ya hapo kutakuchosha.

Lakini tuingie kidogo kwenye kibanda chake siku kumi kabla ya sikukuu yoyote. Vitambaa vimerundikwa hadi juu ya kabati, kila kimoja kimebanwa kwa pini kikaratasi chenye vipimo na jina lililoandikwa haraka, na kwenye kamba nyuma yake zinaning'inia nguo zilizokamilika tangu sikukuu iliyopita ambazo wenyewe hawajazifuata kwa kuwa hawana fedha ya kumalizia. Amefunga mtaji wake katika uzi na vifungo vya watu hao, na ili ale leo inambidi apokee kazi mpya na fedha mpya, hata kama anajua siku hazitoshi. Ndiyo maana mteja aliyelipa fedha zote mwanzoni huwa wa mwisho: hana tena kitu cha kumvuta fundi. Lipa kianzio kisichozidi nusu, taja siku iliyo wiki moja kabla ya ile unayoihitaji, na upite katikati uone kama kitambaa kimekatwa. Kikiwa bado kizima, kichukue mapema ukiwa na muda wa kutafuta mwingine. Fundi anayejiheshimu naye angeandika mlangoni kwamba kazi za Idi zimefungwa tarehe fulani. Watakaokasirika ni wachache kuliko wanaokasirika usiku wa kuamkia sikukuu.

SWALI: Nilinunua bati 40 za geji 28 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Niliambiwa nikichukua bila risiti nitapunguziwa bei, nikakubali. Fundi wa paa alipozishika alisema ni geji 30. Dukani wamenionyesha kibao kinachosema, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nimeshindwa?

JIBU: Hujashindwa, ila umejifunga mkono mmoja mwenyewe. Kwanza hiyo namba: kwa bati, geji ikiongezeka bati linakuwa jembamba, kwa hiyo kuuziwa 30 kwa bei ya 28 ni kupunjwa unene, na paa lako ndilo litakalolipa. Kile kibao kinafaa kwa mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Hakiwezi kumwondolea muuzaji wajibu wa kukupa kitu kilekile alichokitaja, kwa kuwa bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Malalamiko ya namna hii hupokelewa na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ubora wa bati ni jambo linalolihusu Shirika la Viwango (TBS).

Ugumu wako ni ushahidi. Bila risiti, duka linaweza kusema bati hizo hazikutoka kwao, na wewe huwezi kulalamika kwa sauti kubwa mno, kwa sababu kisheria muuzaji asiyetoa risiti ana kosa na mnunuzi asiyeidai ana lake. "Punguzo" ulilopewa lilikuwa ni kodi ambayo duka limeamua kutoipeleka, na sehemu kubwa ya faida hiyo imebaki kwao. Jambo jingine la kujua: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) hutozwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa tu, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kukuongezea kitu kwa jina hilo.

Kwa sasa, tafuta ujumbe wa malipo ya simu kama ulilipa kwa njia hiyo, nakala ya hati ya aliyebeba mzigo, na bati ambalo halijapigwa msumari. Rudi na fundi wako, zungumzeni na mwenye duka mwenyewe wala si na kijana wa mauzo. Siku nyingine, dai risiti na uhakikishe imeandika neno "geji 28" na idadi, kwa kuwa risiti iliyoandika "vifaa vya ujenzi" haikusaidii sana.

SWALI: Ninauza mawese jirani na barabara ya kwenda Mwandiga. Majirani wananikopa lita moja, lita tano, wengine hadi dumu zima, na siku ya kulipa wananikwepa njiani. Nikidai naambiwa nimekuwa na roho mbaya tangu biashara ichangamke. Nifanyeje bila kugombana na mtaa mzima?

JIBU: Mama, wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na biashara ya mawese ina mtego wake wa ziada. Mtaji wako hutoka mara moja, pale unaponunua madumu wakati wa msimu, na fedha hurudi kijikombe kwa kijikombe. Akikukopa mtu wa dumu zima, amekuondolea nafasi ya kununua dumu jingine likiwa bado rahisi, na utakapolipwa miezi mitatu baadaye fedha ileile haitanunua dumu.

Kwa hiyo usikopeshe kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Lita moja kwa jirani mwenye mgonjwa, mpe, na moyoni uihesabu kuwa huenda haitarudi. Hiyo ni gharama ya kuishi na watu. Lita tano ziandikwe kwenye daftari mbele ya mkopaji mwenyewe, aweke sahihi au kidole, na siku ya kulipa aitaje yeye. Dumu zima lisikopeshwe. Anayetaka dumu zima anakwenda kuuza, na anayekwenda kuuza ana uwezo wa kutanguliza japo nusu. Ukilitamka jambo hili kama kanuni ya biashara kwa kila mtu, bila kumbagua shoga yako wala wifi yako, watanung'unika mwezi mmoja kisha watazoea.

Katika kudai, usidai kisimani, msibani wala mbele ya wanawe. Mfuate nyumbani jioni, ukae, uulize hali, kisha umtajie kiasi kamili na tarehe iliyoandikwa. Mkubalie alipe kidogo kidogo kila wiki ukimwandikia anachotoa. Akikwepa hata hapo, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakutanisha bila gharama, na Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya fedha ya aina hii. Lakini kwa lita tano za mawese, siku utakazopoteza mahakamani na mauzo utakayoyakosa yatazidi deni lenyewe. Mtu huyo funga ukurasa wake, na atakapokuja tena na kidumu chake mkaribishe vizuri, umuuzie kwa fedha taslimu.